Nyekundu Mkono wa Kulia: Siku Tano Kwenye Minara ya Taa ya Busan

Siku ya kwanza, Jumamosi. Yeongdo

Kisiwa cha Yeongdo kilinipokea kwa mlio. Nilivuka daraja kwa miguu, nikakata kuingia vichochoro vya Daepyeong-dong, na kabla sijaona meli hata moja nikasikia: kang, kang, kang. Aliyewahi kula mshahara wa baharia haulizi ni nini. Ni nyundo juu ya bati la meli. Kuna mtu anabandua kutu. Mtaa wenyewe wameupa jina la mlio huo, Kangkangi. Yadi za kutengeneza meli zilianza hapa mwishoni mwa karne ya 19, na kwa miaka mingi wagongaji wake walikuwa akina mama, wakikaa kutwa juu ya ubao ulioning'inizwa ubavuni mwa meli. Wengi waliondoka na masikio mabovu. Mimi niligonga kutu miaka tisa tu, tena na vizibo masikioni, na bado mke wangu hunikumbusha mezani kwamba yeye hayuko upande wa pili wa gati.

Nimo Busan, mji wa bandari wa Korea Kusini, tangu mwezi wa tatu kwa kozi ya usalama wa bandari. Kozi imekwisha jana, ndege yangu ni Alhamisi. Wenzangu wamepanda treni kwenda Seoul kununua vipodozi na simu. Mimi nimebaki, kwa sababu nina deni la zamani na taa za mji huu.

Miaka kumi na miwili iliyopita niliingia bandari hii nikiwa baharia wa deki kwenye meli ya mizigo. Ilikuwa saa tisa usiku, rubani wa bandari, Mkorea, keshapanda, na mimi nimewekwa zamu ya kutazama mbele. Mara nikaona taa nyekundu mkono wa kulia na ya kijani mkono wa kushoto. Damu ikanienda mbio. Nimezaliwa Fumba, kusini ya Unguja. Tangu utotoni najua kwamba chombo kikiingia bandarini nyekundu hukaa kushoto. Nikapiga kelele: "Nyekundu iko kulia! Tuko upande si wetu!" Rubani hakugeuza hata shingo. Aliyekuwa ameshika usukani, Mfilipino, alicheka mpaka akaegemea dirisha. Mkataba wote uliobaki niliitwa Taa Nyekundu.

Kumbe Korea, Japani, Ufilipino na mabara yote mawili ya Amerika wanaweka nyekundu kulia kwa anayeingia kutoka baharini. Sisi wengine tunaiweka kushoto. Nilikuwa nimelisoma hilo darasani, tena nikalijibu kwenye mtihani. Usiku ule mwili ulikataa kukumbuka.

Kwa hiyo nimejipangia siku tano za kutembea pwani hii, nizitazame taa zake mchana na usiku mpaka macho yazoee.

Daraja la Yeongdo nililolivuka lilifunguliwa mwaka 1934, na sehemu yake moja ilijengwa iinuke kupisha vyombo. Wakati wa vita vya Korea vya 1950 wakimbizi walimiminika Busan kutoka kila pembe, na wengi walikuwa wameachana na jamaa zao wakiahidiana maneno mamoja: tutaonana kwenye daraja la Yeongdo. Ndilo jina ambalo hata mtu wa bara alilijua. Watu walikaa hapo siku na siku wakitazama nyuso za wapitao. Kwa baharia hiyo ni alama kamili ya kuongozea njia, ingawa haiwaki.

Mchana nikapanda basi hadi Taejongdae, ncha ya kusini ya kisiwa, ambako mwamba umekatika wima kama mkate. Mnara wa taa uko chini ya miti, unaufikia kwa ngazi zinazoteremka kwa mizunguko mpaka magoti yanalalamika. Taa iliwashwa hapa mara ya kwanza Desemba 1906. Mnara unaoonekana leo ni wa mwaka 2004, mweupe, wa mita 35, na nuru yake inafika maili 24 za bahari, kama kilomita 44. Kukiwa kweupe unaiona Tsushima ya Japani imelala mbele yako kama mgongo wa nyangumi.

Chini kabisa, kwenye changarawe, wamama wapiga mbizi wamekaa na mabeseni mekundu ya plastiki. Wanauza walichokitoa baharini wenyewe: kombe, pweza, na majongoo ya bahari. Mwenyewe nilishtuka. Kwetu jongoo la bahari huvuliwa, likachemshwa, likakaushwa, likauzwa kwa wageni. Sijawahi kumwona mtu wa Fumba analitia mdomoni. Hapa mama mmoja alilishika hai, akalipasua kwa kisu kifupi, akakamua matumbo, akalikatakata vipande vyembamba, akanisogezea na kibakuli cha mchuzi mwekundu wa pilipili. Gumu kama gegedu, chumvi tupu, halafu utamu wa mbali. Nikamaliza sahani. Nilimpiga picha akiwa na kisu mkononi, kwa idhini yake, nikaituma kwa ami yangu.

Nikangoja giza. Taa ilipowaka nikatoa simu kupima muda: imemweka mara tatu, kisha kiza kirefu, kisha tatu tena. Sekunde 18 kutoka mzunguko hadi mzunguko. Kila mnara una hesabu yake, na hesabu hiyo imeandikwa kwenye ramani ya bahari, ili nahodha anayeona taa usiku ajue ni ipi bila kuuliza mtu. Nikahesabu mizunguko kumi na nne. Baridi ikanifukuza.

Siku ya pili, Jumapili. Oryukdo

Jina lenyewe lina mgogoro: o ni tano, ryuk ni sita, do ni kisiwa. Visiwa Vitano-Sita. Ni majabali yaliyopangana kwenye mlango wa bandari, na hesabu inategemea maji. Viwili vya mwanzo vimeungana kwenye kitako; maji yakipwa ni kimoja, yakijaa ni viwili. Wengine wanasema siri ni pembe unayotazamia, upande mmoja ni vitano, upande mwingine sita.

Mimi nilikwenda na jicho la Unguja, nikitegemea kuona maji yakikimbia. Kwetu bamvua huacha pwani kavu mpaka wanawake wa mwani wanatembea nusu saa kuyafuata maji, tofauti ya karibu mita nne. Hapa Busan bahari hupanda mita moja na ushei, basi. Nilikaa saa nne na biskuti, nikitazama ufa kati ya majabali mawili ukijaa polepole kama sinki lililoziba. Nusu mita ya maji ndiyo inayobadilisha jina la mahali.

Juu ya jabali la mbali zaidi ndiko ulipo mnara, ndiyo maana wanaliita Kisiwa cha Mnara. Taa iliwekwa mwaka 1937. Mnara wa sasa ni wa mwaka 1998, umekaa juu ya jabali kama chupa iliyosahauliwa juu ya kabati. Kwa miaka 82 palikuwa na watu wakiishi hapo kwa zamu, chakula kikiletwa kwa mashua bahari ikiruhusu. Mwaka 2019 wakaondolewa. Sasa mitambo inatazamwa kutoka nchi kavu.

Nilimwona mzee mmoja kwenye ukingo wa njia ya vioo inayotokeza nje ya mwamba (wanakuvalisha soksi za kitambaa juu ya viatu usikwaruze kioo). Watoto walikuwa wakipiga mayowe wakitazama mawimbi chini ya nyayo zao. Yeye hakutazama chini hata mara moja. Alikuwa na darubini, anautazama mnara. Nilitamani kumuuliza kama aliwahi kufanya kazi kule, lakini Kikorea changu kinaishia kwenye kununua vocha na kushukuru.

Ami yangu alinijibu jioni kuhusu majongoo. "Wanakula mabichi? Subhanallah." Kisha akauliza mnara wao ni wa lini. Nikamwambia ule wa jana ni wa 1906. Akaandika: "Chumbe ni mkubwa wake."

Ana haki. Mnara wa kisiwa cha Chumbe, karibu na kwetu, ulijengwa mwaka 1904, naye ameuona kila usiku wa maisha yake ya uvuvi. Nikalala nikilifikiria hilo. Waingereza walikuwa wameiweka Zanzibar chini ya himaya tangu 1890, na meli zao ndizo zilizohitaji kujua miamba iko wapi. Japani iliiweka Korea chini ya himaya mwaka 1905, ikaimeza kabisa mwaka 1910, na hapo katikati ndipo minara ya pwani hii ilipochipuka mmoja baada ya mwingine: Yeongdo 1906, Gadeokdo upande wa magharibi ya bandari 1909. Mvuvi wa Fumba hakuhitaji taa kuijua Chumbe, na mvuvi wa Yeongdo hakuhitaji ya Taejongdae. Babu zao walikwishaonyeshana miamba kwa vilele vya milima na rangi ya maji. Taa ziliwashwa kwa ajili ya wapita njia. Hata hivyo ami huniambia usiku ambao Chumbe haikuwaka alijihisi kama mtu aliyenyang'anywa ukuta mmoja wa nyumba.

Gadeokdo sitaifika. Imo ndani ya eneo la jeshi, inataka maombi ya mapema, nami sikuomba.

Siku ya tatu, Jumatatu. Cheongsapo

Ukungu na manyunyu tangu alfajiri. Nilichukua kijitreni cha pwani kutoka Mipo, kinachopita kwenye reli ya zamani iliyoachwa mwaka 2013, bahari upande mmoja na misonobari upande wa pili, madirisha yote yameloa.

Cheongsapo ni kijiji cha wavuvi kilichozungukwa na maghorofa. Kina kuta mbili za kuvunja mawimbi zinazokumbatia bandari ndogo, na mwisho wa kila ukuta pana mnara. Mmoja mwekundu, mmoja mweupe. Hapa ndipo nilipoishika ile lugha vizuri. Mchana unasoma rangi ya mnara, usiku unasoma rangi ya taa: mnara mwekundu hutoa nuru nyekundu, mweupe hutoa nuru ya kijani. Anayeingia kutoka baharini aone mwekundu kuliani kwake, mweupe kushotoni. Mwekundu unamwambia hatari iko upande wako wa kulia, pita kushoto kwangu.

Nilisimama gatini, nikatazama nje. Mwekundu ulikuwa kushoto.

Moyo ukatulia, nikajisikia nyumbani. Ikanichukua dakika nzima kuelewa kwa nini. Nilikuwa nimesimama nchi kavu, natazama kwa mgongo. Mtu wa Korea akiwa ufukweni anaiona bandari yake kama mimi ninavyoiona yangu nikitoka baharini.

Watu wananiuliza kwa nini dunia haikukubaliana jambo dogo kama hili. Ilijaribu. Januari 1971 meli ya mafuta Texaco Caribbean iligongana na meli nyingine kwenye mlango bahari wa Dover, ikazama. Siku ya pili Brandenburg ya Ujerumani ikapanda mabaki yake, nayo ikazama. Yakawekwa maboya na meli za taa. Mwezi uliofuata Niki ya Ugiriki ikapita humo humo, ikazama na wote waliokuwamo. Watu 51 kwa jumla. Wakati ule duniani kulikuwa na mifumo ya maboya zaidi ya 30. Alama iliyomwambia huyu "njoo" ilimwambia mwenzake "kaa mbali". Ndipo wataalamu wakaanza kuishona mifumo ile kuwa mmoja, na mwaka 1980 wakakutana Tokyo kufunga hesabu. Wakakubaliana karibu kila kitu: umbo, alama za juu, mimweko. Kilichowashinda ni rangi ya mkono. Wamarekani walikuwa na nyekundu yao kulia tangu karne ya 19, na waliofuata desturi yao upande huu wa Pasifiki hawakutaka kuhama. Kubadilisha ilikuwa na maana ya kupaka upya rangi kwenye kila boya la nusu ya dunia, na katikati ya kupaka huko meli zingekuwa zinapita. Basi dunia ikagawanywa mapande mawili, A na B. Tanzania na Kenya ziko A. Korea iko B.

Mgawanyo huo ndio ulionipa jina la Taa Nyekundu.

Nilitembea hadi mwisho wa ukuta mweupe. Pande zote umelindwa na madude ya zege yenye miguu minne, kila moja zito kuliko gari, yamerundikwa kama mifupa ili wimbi likiingia kati yake lipotee nguvu. Kati ya miguu pana mashimo meusi, yamejaa mwani unaoteleza, na chini unasikia maji yakigugumia kama mtu anayesukutua. Mabango yanakataza kupanda. Juu yake walikuwa wamesimama wavuvi wa ndoana wanne, viatu vya misumari, sigara midomoni. Mmoja aliruka kutoka mguu hadi mguu akiwa na ndoo. Nikageuza uso. Mtu akiteleza mle hakuna pa kushika, na kelele yake inamezwa na zege.

Ukungu ukazidi. Mnara mwekundu, mita mia na kitu kutoka nilipo, ukafifia ukawa doa, kisha haukuwapo. Kutoka mbali, upande wa bandari kubwa, ikaja sauti nene ya honi. Taa nzuri kuliko zote haina faida ndani ya pamba. Nilirudi kwa kupapasa ukuta, nikaingia kibanda cha kwanza chenye moshi, nikaagiza kombe za kuchoma. Zinawekwa hai juu ya jiko la mezani, zinafunguka zenyewe kwa mlio mdogo, na mwenye kibanda anakuja na mkasi kukukatia. Nilikula mpaka nikaona haya.

Siku ya nne, Jumanne. Gijang

Jua kali, bahari imeoshwa. Treni ya Donghae hadi Osiria, kisha miguu.

Nakiri nilikuja Gijang na kiburi. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kaskazini ya mji wameigeuza minara kuwa vinyago, na kama mwalimu wa ubaharia niliona ni utani mbaya. Mnara ni chombo cha kazi. Huwezi kuuchezea, kama usivyoweza kuchezea breki.

Wa kwanza ulikuwa Yeonhwa-ri: chupa ya maziwa ya mtoto mchanga, yenye chuchu juu. Uliwekwa mwaka 2009, wakati mji ulipoanza kuhofia kwamba watu hawazai. (Hofu hiyo haijapungua, mwaka 2023 nchi nzima ilishuka hadi wastani wa watoto 0.72 kwa kila mwanamke.) Kwenye kuta zake wamebandika vigae vyenye alama za mikono na miguu ya watoto wachanga. Niliweka kidole gumba changu juu ya unyayo mmoja, kikaufunika wote. Nina watoto wanne. Sikujua nicheke au vipi.

Mbele yake, kwenye mlango wa bandari ya Daebyeon, imesimama minara miwili yenye sura za vinyago vya jadi, vile vya mbao vilivyokuwa vikisimamishwa kwenye njia ya kuingilia kijiji kufukuza mabaya. Wazo zuri. Ila mchongaji ameipa taya pana na vifua vya mraba, na Wakorea wenyewe wamekataa kuviona kama vinyago: mmoja wanauita Mazinger, kwa jina la roboti la katuni za Kijapani, na mwingine Taekwon V, roboti la kwao. Kuna na mnara wa Kombe la Dunia wenye mpira. Tarehe 4 Juni 2002, kwenye uwanja wa mji huu, Korea ilimpiga Poland 2-0, ushindi wake wa kwanza kabisa katika fainali hizo, na safari ile ikaishia nusu fainali. Hapo sikuwa na la kubisha. Taifa Stars wakifika nusu fainali ya dunia mimi mwenyewe nitabeba saruji.

Daebyeon, kwa taarifa yenu, kwa Kikorea linasikika sawasawa na neno la haja kubwa. Shule ya msingi ya hapo ilibadilisha jina mwaka 2018, watoto wamechoka kuchekwa. Bandari imebaki nalo na haijali, kwa sababu ina dagaa.

Na dagaa ndio walionizuia saa tatu nzima. Ni majira yao. Mashua imefunga gatini, jarife limejaa, na wanaume kumi wamejipanga mstari, mavazi ya mpira kutoka kidevuni hadi miguuni. Wanashika wavu kwa pamoja, wanauinua, wanaukung'uta kwa nguvu moja huku mmoja anaimba na wengine wanaitikia. Kila mkung'uto dagaa wanaruka juu kama sarafu zilizorushwa harusini, wanaanguka kwenye turubai, na wengine wanakatikia kwenye wavu, vichwa huku viwiliwili kule. Magamba yamewajaa wale watu usoni mpaka kope zinang'aa. Shakwe wanapiga kelele juu. Hakuna anayesimama kupumzika kwa sababu mmoja akiacha wavu unalegea kwa wote. Wimbo siujui hata neno, lakini pumzi yake naijua: ni ile ile ya wavuta juya wa kwetu, mahali pa kuvuta na mahali pa kuachia. Dagaa wa huku ni wakubwa, kidole kizima. Wengi wanatiwa chumvi kwenye mapipa kungoja kiungo cha mwaka mzima. Wetu wanachemshwa, wanaanikwa, wanapakiwa kwenda Kongo.

Kando yao mzee alikuwa akishona wavu uliochanika. Nikaongea na simu, simu ikaongea naye. Nilimuuliza haoni aibu kuongozwa na roboti. Alisikiliza, akacheka kimya, akaiambia simu maneno mengi. Ikatafsiri: zamani minara yote ya pwani hii ilifanana, mweupe na mwekundu, mweupe na mwekundu, na asubuhi ya ukungu mwepesi ukiwa umechoka unaweza kuingia bandari ya jirani ukidhani ni kwenu. Sasa hakosei. Kisha akaongeza, na hili alilisema pole pole ili simu ishike: umbo waliweke watakavyo, rangi hawajaigusa.

Nikaenda Chilam kuhakikisha. Minara mitatu. Wa mpira wa besiboli, kumbukumbu ya dhahabu ya Olimpiki ya Beijing ya 2008: mweupe. Wa shakwe: mwekundu. Wa mkunga, samaki ambaye kijiji kizima kinaishi kwa kumuuza: manjano, rangi ya tahadhari maalumu. Kila mmoja mahali pake. Niliyezoea kupiga wanafunzi mkwara kuhusu alama za mchana, umbo na rangi, nilikuwa nimesahau somo langu mwenyewe.

Jioni nikala mkunga mbichi aliyekatwakatwa kama nyuzi. Sina la kusema juu yake. Majongoo yalikuwa bora.

Siku ya tano, Jumatano. Ulgi

Siku ya mwisho nimevuka mpaka wa mji. Treni ile ile inaendelea hadi Taehwagang, mjini Ulsan, na kutoka hapo basi linapita kando ya yadi kubwa za meli, kreni zimesimama kama twiga wa chuma, mpaka hifadhi ya Daewangam. Ulsan ni bandari nyingine na ina wenyewe, lakini nilitaka kuuona mnara wa Ulgi kwa sababu ya kisa chake.

Taa ya hapa iliwashwa Machi 1906, miezi michache kabla ya Yeongdo. Mnara mdogo mweupe wa pembe nane, mlango wake wa chini ungemfaa mtu mfupi kuliko mimi. Umezungukwa na misonobari, maelfu. Miti ikakua, kama kazi ya miti ilivyo. Mwaka baada ya mwaka ikapanda, mpaka vilele vikaupita mnara na nuru ikawa inaangaza majani. Meli baharini hazikuona kitu. Hawakuikata. Mwaka 1987 wakajenga mnara mwingine mrefu hatua chache pembeni, wakauzima ule mdogo na kuuacha umesimama.

Niliuzunguka mara mbili. Kuta zimepakwa chokaa nzuri, hakuna ufa. Sindano za msonobari zimejaa juu ya kidirisha cha taa. Kutoka pale ulipo huoni bahari hata kidogo, unaisikia tu. Mwaka 2006, ulipotimiza miaka mia, walibadilisha hata herufi za Kichina za jina lake, kwa kuwa zile za kwanza ziliandikwa na Wajapani. Matamshi yakabaki yale yale, Ulgi.

Nilikaa kwenye benchi kati ya minara miwili nikampigia ami. Kwao ilikuwa asubuhi.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Bado unahesabu taa za watu?"

Nikamweleza habari ya miti. Alicheka sana. Akasema Chumbe nayo ina miti, ila ina adabu. Nikamwambia nimemtumia picha mbili za bandari ndogo, atazame, aone jinsi Wakorea wanavyoweka nyekundu upande mbaya, ndicho kilichonipa aibu mwaka ule. Kukawa kimya, alikuwa anatafuta miwani.

"Mbona sawa na kwetu?" akasema. "Nyekundu hii hapa, kushoto."

"Hapana ami. Hiyo nimepiga nikiwa gatini. Wao wanaingia kutoka kule nje, kwa hiyo kwao ni kulia."

"Aa. Sasa wewe ulisimama nchi kavu unatafuta nini, baharia mzima?"

Sikuwa na jibu. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe upande wake, na jogoo mbali. Akarudi kwenye simu.

"Na yale majongoo," akasema, "kilo wanauza shilingi ngapi?"